Sufuria Iliyosomwa Redioni

To... to... to.

Jogoo wa kwanza alikuwa hajajinyoosha, na maji yalikuwa yameshaanza kudondoka sebuleni kwa Bi Nyamvula. Paa lilivujia ndani ya sufuria kubwa ya shughuli, na sufuria kubwa ya shughuli ikavujia ndani ya bakuli. Angeweza kuliweka bakuli moja kwa moja chini ya paa, akaokoa hatua moja. Lakini serikali ilikuwa imeiandika sufuria ile kuwa kielelezo, ikaamuru ikae katikati ya nyumba mahali inapoonekana, na katikati ya nyumba ndiko kulikovuja. Basi kila mvua iliponyesha, tundu la sufuria lilisema, na Bi Nyamvula alisikiliza.

"Nimekusikia," aliliambia, akijifunga kanga. "Huna haja ya kurudia."

Tundu likarudia.

Haya yalitokea katika nchi ambayo jina lake bado liko mbele ya kamati. Wenyewe huiita "hapa kwetu", na mpaka sasa hakuna aliyepotea kwa kukosa jina. Katika nchi hiyo kuna mto, na juu ya mto kuna daraja la mbao. Upande mmoja wa daraja ni Kichangani, upande wa pili ni Kitopeni. Vijiji hivyo viwili vilikuwa vimeoleana, vikazikana na kuazimana mpaka mtu akisema "kwetu" ilibidi aulizwe anamaanisha upande upi. Na sufuria ya shughuli, ile inayopika pilau ya watu mia mbili bila kukoroga mara mbili, ilikuwa ya vijiji vyote viwili. Ilitunzwa kwa Bi Nyamvula kwa sababu mlango wake ulikuwa mpana.

Mwezi mmoja kabla ya masika, Bi Mgeni wa Kitopeni aliiazima kwa ajili ya harusi ya mpwa wake. Bi Mgeni hakuwa mtu baki. Mwanawe alikuwa amemuoa Zawena, binti pekee wa Bi Nyamvula, kwa hiyo wanawake hao wawili waliitana mkwe. Harusi ikapita, watu wakala wakashiba, sufuria ikarudishwa ikiwa imesuguliwa ikang'aa. Bi Nyamvula alipoiinua juani akaona jua likimchungulia kutoka upande wa pili. Tundu!

Hapo angeweza kuvuka daraja na kuuliza. Ni mwendo wa dakika kumi, na njiani kuna mtu anauza vitumbua. Lakini siku hiyo alikuwa na hasira, na mezani palikuwa na kadi ya salamu.

Hapa kwetu kila mtu anajua kadi ya salamu. Unaandika jina lako, unaandika majina ya unaowasalimu, chini kabisa unaandika ujumbe, kisha unaipeleka Redio ya Wilaya isomwe alfajiri. Bi Nyamvula alikuwa ametuma kadi kwa miaka kumi na tisa, na ujumbe wake siku zote ulikuwa "tupendane". Safari hii aliandika majina saba, la Bi Mgeni likiwa la mwisho, na chini yake: "Ujumbe wangu unasema, anayeazima sufuria arudishe sufuria, si chujio."

Mtangazaji aliupenda ujumbe ule akausoma mara mbili.

Kufikia saa nne za asubuhi wauza samaki walikuwa wakiwauliza watu wa Kitopeni kama wamekuja kununua au kuchuja. Wilaya nzima ikacheka. Kitopeni wakanuna, wakaacha kuwasalimu Kichangani. Kichangani nao, kwa kuwa hawakusalimiwa, wakaacha kuitikia.

Vita vyenyewe vilikuwa hivyo tu. Hakuna aliyemgusa mwenzake hata kwa kiwiko. Vingeachwa, vingekufa vyenyewe kwenye msiba wa kwanza, maana hakuna anayeweza kununa huku ameshika upande mmoja wa jeneza. Bahati mbaya serikali ikasikia.

*

Serikali ya hapa kwetu inaipenda amani kupita kiasi. Ina Wizara ya Amani, Utulivu na Matangazo, na wizara hiyo haikukawia. Siku ya tatu, taarifa ya habari ilianza hivi:

"Wizara inapenda kuwajulisha wananchi wote kwamba hakuna vita kati ya Kichangani na Kitopeni. Aidha, vita hivyo visivyokuwapo vimedhibitiwa. Wananchi wanaombwa wasikimbie."

Jirani yake Bi Nyamvula aliacha kuchambua mchele.

"Umesikia? Hakuna vita."

"Nimesikia."

"Basi vipo."

"Si wamesema havipo?"

"Mwaka jana si walisema sukari haijaadimika? Hebu nionyeshe bakuli lako la sukari."

Bi Nyamvula hakuwa na la kuonyesha. Adhuhuri haijafika, chumvi, viberiti na mishumaa vilikuwa vimekwisha dukani. Wanaume walinoa mapanga ambayo tangu yanunuliwe hayakuwahi kugombana na kitu kingine isipokuwa magugu. Ng'ambo ya mto, Kitopeni walisikiliza redio hiyo hiyo, nao wakanoa. Wizara ilipopata habari kwamba watu wananoa, ikatangaza mara sita kwa siku kwamba hakuna anayenoa. Sufuria ikaiandika kuwa kielelezo. Ili amani isikatishwe na mazungumzo, ikazima simu zote. Na ili watu wa pande mbili wasije wakakutana wakavunja amani, ikalifunga daraja.

Hilo la daraja ndilo lililomkata maini Bi Nyamvula. Zawena alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba ya kwanza. Kwa mila ya vijiji vile, mzazi wa kwanza hukandwa na mama yake mwenyewe kwa maji ya moto, siku arobaini, na kitoto huogeshwa na bibi wa upande wa kike. Mama asipotokea, watu hawasemi neno. Wanamtazama tu mwenye mtoto kwa huruma, na huruma ile haitoki mwilini kwa maji.

Akaenda darajani. Alimkuta Sajini Mbwana amekaa juu ya kigoda, bunduki imelala magotini kama mtoto wa jirani.

"Bibi, hapavukwi," alisema sajini. "Anayevuka ni mwenye Cheti cha Mtumiaji wa Vyombo vya Habari kwa Amani."

"Kinapatikana wapi hicho, mwanangu?"

"Hakijaanza kutolewa."

"Na binti yangu akizaa kabla hakijatolewa?"

Sajini alifungua kijitabu cha maelekezo, akatafuta, akageuza ukurasa, akatafuta tena. "Kuzaa hakumo," alisema kwa masikitiko. Kisha akasimama, akampisha kigoda, na mwenyewe akabaki juani mpaka Bi Nyamvula alipopumzika vya kutosha kurudi nyumbani.

*

Kabla ya cheti, wizara ilijaribu mbiu.

Kichangani walikuwa na mpiga mbiu wao, Mzee Shekue, mwenye pembe ya nyati aliyorithi kwa baba yake. Barua ilitoka makao makuu ikimwamuru apige mbiu kila alfajiri kuwatangazia wananchi amani. Mzee Shekue aliisoma barua, akaisoma tena, akamwomba afisa tarafa amwandikie jibu.

"Waambie mimi nina milio mitatu. Moto, mafuriko na simba. Wa amani sikufundishwa. Marehemu baba kukiwa na amani alikuwa analala."

Jibu la makao makuu lilikuja na mihuri minne: apige yote mitatu mfululizo, ili amani iwe kamili.

Mzee Shekue alikuwa raia mwema. Alfajiri iliyofuata alipiga moto, akapiga mafuriko, akapiga simba. Hapa kwetu mtoto anayenyonya anajua kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na siku ile yalilia mambo matatu kwa pamoja. Watu walitoka na magodoro vichwani. Waliokimbia mafuriko walipanda mlimani, waliokimbia simba wakateremka, wakagongana katikati na waliokuwa wakipeleka maji kwenye moto. Kitopeni wakasikia ghasia, wakajua ndiyo wanavamiwa, wakakokota magogo mpaka mdomoni mwa daraja.

Katika ghasia ile, Mzee Shekue mwenyewe aliacha pembe chini akambeba mgongoni kikongwe mmoja aliyeshindwa kukimbia, akamfikisha mlimani, ingawa yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba hakuna kinachokimbiwa. "Ningemwambia nini?" alisema baadaye. "Kwamba anaogopa amani?"

Taarifa ya habari ya jioni ilisema wananchi walijitokeza kwa wingi kuipokea amani, wengine wakiwa na magodoro.

*

Ndipo mafunzo yakaja. Mwezeshaji aliitwa Bwana Hilali, kijana mwembamba wa makao makuu, amevaa viatu vya mjini ambavyo mchanga wa Kichangani ulimvua mara mbili kabla hajafika shuleni. Bi Nyamvula alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Hakuja kujifunza. Alikuja kuchukua cheti avuke daraja, na hesabu ya vidole vyake ilimwambia Zawena amebakiza wiki mbili.

"Washiriki," alisema Bwana Hilali siku ya kwanza, huku akitazama viatu vyake, "vipaza sauti viko njiani. Kwa sasa kila mmoja aje na kifaa mbadala."

Siku ya pili kila mmoja alikuja na mwiko.

Ukipita dirishani mwa shule ungewaona watu wazima ishirini na wawili wamesimama mistari miwili, kila mmoja anazungumza na mwiko wake. Walifundishwa Umbali Sahihi kati ya Mdomo na Mwiko. Walifundishwa Kukohoa kwa Niaba ya Taifa. Saa mbili nzima walifundishwa Kusema kwa Ufasaha Jambo Ambalo Halijathibitishwa Kuwa Si Kweli, na Mzee Shekue aliyekuwa mstari wa nyuma akasinzia na pembe yake mapajani.

Siku ya nne kitabu cha mwongozo kiliisha kabla ya wakati, kwa kuwa sura tatu zilikuwa ni picha ya Waziri. Bwana Hilali akabaki amesimama mbele ya darasa hana cha kusoma. Bi Nyamvula alimwonea imani, akammiminia chai kutoka kwenye chupa yake, akampa na kipande cha mhogo.

Bwana Hilali alikunywa, akaweka kikombe chini.

"Hili halimo kwenye mwongozo," alisema polepole. "Mimi nilianza kazi nikisoma matangazo ya vifo. Mkubwa wangu wa kwanza aliniambia, kabla hujafungua mdomo, usifikirie wasikilizaji. Mfikirie msikilizaji. Mmoja. Uone amekaa wapi, ameshika nini mkononi, na uso wake utakuwaje neno likimfikia. Ukishauona uso huo, ndiyo uanze kusema."

Akaona haya, akawaruhusu watu watoke mapema.

Bi Nyamvula hakutoka. Alibaki pale na mwiko wake, kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa ameuona uso. Alimwona Bi Mgeni alfajiri ile, amekaa kwenye mkeka wake, anamenya mhogo, redio iko juu ya debe kama kawaida yake. Anasikia jina lake. Anatabasamu, maana nani asiyetabasamu akisikia jina lake kwenye salamu? Kisha neno la chujio linamfikia. Kisu kinasimama. Na mtangazaji anarudia.

"Mwanangu," alimwita Bwana Hilali, "nina jambo. Ile sufuria ilikuwa na kiraka."

"Kiraka?"

"Marehemu mume wangu alikitia mwenyewe, miaka sita iliyopita. Kwa ndani hukioni. Nilijua siku yoyote kitatoka. Nilipoona tundu nililijua kama ninavyojua kovu la goti langu." Akaugeuza mwiko mkononi. "Lakini kukiri kwamba kiraka chake kimetoka... Vitu alivyotengeneza vimebaki vichache."

Bwana Hilali hakumpa wosia. Alimsogezea karatasi na kalamu tu.

Bi Nyamvula akaandika: "Mkwe wangu Bi Mgeni, nimekosa. Tundu nalijua. Nisamehe."

*

Utaratibu ulitaka kila ujumbe wa amani upitiwe na kamati makao makuu kabla ya kusomwa. Karatasi ikaenda, ikakaa siku tano, ikarudi na wino mwekundu mwingi kuliko wa bluu.

"Mkwe" limefutwa, kwa sababu linaonyesha upendeleo wa kindugu. "Nimekosa" limefutwa, kwa kuwa kumbukumbu za taifa hazionyeshi kwamba yupo mtu hapa kwetu aliyewahi kukosa. "Tundu" linavunja moyo wageni wanaotaka kutuletea viwanda. "Nalijua" ni siri ya serikali. "Mgeni" linaweza kudhaniwa mtu wa nchi za nje. "Nisamehe" ni jambo la wizara nyingine. Kamati, isitake kumwacha raia mikono mitupu, ilikuwa imeongeza neno lake mwishoni, ikagonga muhuri.

Ujumbe ulioidhinishwa ulisomeka: "Wangu Bi. Hongera Wizara."

"Ndio nitakaousoma siku ya kuhitimu?" aliuliza Bi Nyamvula.

"Moja kwa moja hewani, mbele ya Mheshimiwa Waziri," alisema Bwana Hilali. Hakuweza kumtazama. "Kazi yangu mimi ni kukaa kwenye swichi. Atakayetoka nje ya karatasi, nazima."

*

Siku ya kuhitimu, Mheshimiwa Waziri Mwinyikondo alikuja kwa magari saba, sita kati yake yakiwa ya kulisukuma la kwanza kwenye matope. Jukwaa lilijengwa hatua chache kutoka darajani, ili amani ionekane kutoka pande zote mbili. Kipaza sauti cha kweli kilikuwa kimefika, kimoja, kimevalishwa soksi ya kijani. Vipaza vikubwa viliwekwa vikielekea mtoni, na Redio ya Wilaya ilikuwa hewani.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Waziri. "Amani haiji yenyewe. Amani inaletwa. Na aliyeileta mnamwona!" Akangoja makofi, yakaja. "Wako wanaouliza, amani iko wapi? Nawajibu, iko kwenye utekelezaji! Wako wanaouliza, daraja litafunguliwa lini? Nawajibu, mara tu watu wakishakuwa na amani ya kutosha kutotaka kuvuka!"

Alizungumza kwa saa moja na robo. Alifafanua tofauti ya amani ya awamu ya kwanza na ya awamu ya pili. Akiwa kwenye awamu ya pili, Sajini Mbwana alisogea nyuma ya viti vya wahitimu, akainama kama anayeokota kitu.

"Bibi," alinong'ona, "mimi hukaa pale darajani, naona. Tangu alfajiri moshi hauishi jikoni kwa Bi Mgeni. Wanawake wanaingia na ndoo, wanatoka mbio. Sijui, lakini kwetu moshi wa namna hiyo ni wa maji ya mzazi."

Bi Nyamvula akageuka. Akatazama ng'ambo. Kweli, moshi.

"Na sasa," alisema mshereheshaji, "mhitimu bora atasoma ujumbe wa amani ulioidhinishwa!"

Alipanda jukwaani, mwiko mkono mmoja, karatasi mkono mwingine. Akakitazama kile kisoksi cha kijani. Akaisoma karatasi kimoyomoyo: Wangu Bi. Hongera Wizara. Akaikunja, akaichomeka kwenye pindo la kanga. Kisha akafumba macho mpaka akauona uso.

"Mimi Nyamvula binti Mbaruku wa Kichangani," alianza, kwa sauti ile ile ya kadi za miaka kumi na tisa, "nikiwa buheri wa afya, napenda salamu zangu zimfikie mtu mmoja tu leo. Ni mkwe wangu Bi Mgeni wa Kitopeni, popote alipo, nadhani yuko jikoni. Ujumbe wangu unasema..."

"Hii haimo," Waziri alimnong'oneza msaidizi wake.

"...unasema, mkwe, sufuria haikutobokea kwako. Ilikuwa na kiraka cha marehemu, na mimi nilijua, na nikanyamaza, nikakusema mbele ya wilaya nzima. Nilikuaibisha kwa redio, basi na msamaha nauomba kwa redio. Wewe hukurudisha chujio. Ulirudisha sufuria iliyosuguliwa vizuri kuliko nilivyoitoa."

"Zima!" alisema Waziri.

"Nazima, Mheshimiwa," alisema Bwana Hilali, kidole kiko juu ya swichi.

"...Na kama binti yangu yuko kwenye uchungu, mshike mkono kwa niaba yangu. Anapenda ashikwe wa kushoto."

"Zima, nimesema!"

"Imekwama, Mheshimiwa." Swichi ile ilikuwa mpya, ya jana. Haikuwahi kukwama, wala haijakwama mpaka leo.

Bi Nyamvula akamaliza. "Mwisho wa salamu," alisema, kwa sababu ndivyo salamu zinavyomalizwa.

Hata mto ulikuwa kama umeshusha sauti. Waziri alifungua mdomo akaufunga, maana hakuna aliyemwandikia la kusema.

Ndipo ng'ambo, mwisho wa daraja, nyuma ya magogo, alipotokea mwanamke mnene amejifunga kanga kifuani, mikono inatoa mvuke mpaka kwenye viwiko.

"Weee mkwe!" Bi Mgeni hakuwa na kipaza sauti, wala hakukihitaji. "Nimekusikia! Wilaya nzima imekusikia! Maji yanachemka, mtoto yuko mlangoni, na wewe bado unatoa salamu? Vuka!"

Bi Nyamvula alishuka jukwaani kwa kasi ambayo goti lake lilikuwa limeikataa kwa miaka mingi. Sajini Mbwana alikuwa amesharudi kwenye zamu yake, amesimama wima katikati ya njia.

"Cheti?"

Vyeti vilikuwa ndani ya gari la nne, vikingoja sahihi ya Waziri. Bi Nyamvula akainua mwiko.

"Hiki ni nini?" aliuliza sajini, akiwa na uso mkavu kama ukuta wa polisi.

"Kipaza sauti."

Sajini aliupokea, akaukagua mbele na nyuma, akaunusa, akaurudisha kwa mikono miwili. "Kimeidhinishwa," alisema, akapiga saluti. "Pita, Bibi."

Waliokuwa nyuma wakaona. Wahitimu ishirini na mmoja waliobaki wakainua miiko yao, wakapita. Wasio wahitimu wakakimbilia majikoni kwao, wakarudi na miiko, upawa, hata mchi mmoja. Kitopeni wakayaondoa magogo wenyewe. Sajini Mbwana aliidhinisha mpaka mkono wa saluti ukamuuma, akahamia wa pili.

Mlangoni kwa Bi Mgeni, wakwe wawili walisimama wakitazamana.

"Kiraka ulikijua?"

"Nilikijua."

"Na ukanisema?"

"Nikakusema."

Bi Mgeni alimtazama kwa muda ambao mtu hutumia kumeza kidonge kichungu. Kisha akamtia mikononi beseni la maji ya moto. "Shika. Anakuita tangu alfajiri, na mkono wangu umekufa ganzi kwa kubanwa na huo wake wa kushoto."

Alikuwa mtoto wa kike. Alizaliwa Waziri akiwa bado hewani, anatoa shukrani.

*

Taarifa ya habari ya jioni ilisema vita visivyokuwapo vimekwisha rasmi, kwa juhudi za wizara. Tume iliundwa kuchunguza ni nani aliyeruhusu amani kutokea kabla ya awamu ya pili. Bwana Hilali aliadhibiwa. Waliona adhabu inayomfaa ni kumwondoa makao makuu na kumpeleka Redio ya Wilaya akasome kadi za salamu, kazi isiyo na kiyoyozi wala cheo. Ameifanya tangu hapo kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Ujumbe wenye kisu ndani yake hausomi mara mbili. Hausomi hata mara moja. Humwandikia mwenyewe aliyeutuma: "Tafadhali vuka ukaulize kwanza."

Siku ya arobaini sufuria ilitiwa kiraka kipya na fundi wa Kitopeni, mzungumzaji sana lakini mkono wake mzuri. Makao makuu walikuwa wameandika wakiitaka sufuria iende makumbusho ya taifa. Walijibiwa kwamba kwa sasa ina pilau. Watu wa pande mbili walikula uani kwa Bi Mgeni, na mtu alipouliza yuko wapi Mzee Shekue, walimkuta chini ya meza ya sahani, amelala fofofo, pembe kaifanya mto. Hakuna aliyemwamsha. Mtoto mmoja alimfunika kanga.

Jioni Bi Nyamvula aliaga. Alimbusu Zawena, akambusu mjukuu kwenye utosi uliokuwa ukinukia mafuta ya nazi, akajitwika sufuria. Bi Mgeni alimsindikiza mpaka katikati ya daraja, pale ambapo Sajini Mbwana, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwondoa kwenye zamu, alikuwa akila sahani yake ya pilau.

Bi Nyamvula alihisi mzigo ni mwepesi kuliko ulivyokuja. Akaipapasa sufuria kichwani.

"Mkwe, mbona kifuniko hakipo?"

"Hakipo," alisema Bi Mgeni, akiangalia mto. "Nimekificha."

"Umekificha wapi?"

"Kwangu, uvunguni. Ukikitaka, njoo tena ukichukue," alisema Bi Mgeni. "Na safari hii, mkwe, usingoje mpaka mtu azae."